Re: Zile barua za Ada Lovelace na mwalimu wake wa hesabu

Mkuu umeuliza mambo mawili, kama Ada, yule mama wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa anajua hesabu kweli au ni sifa tu za kuwa binti wa mshairi Byron, na kama barua zake zinasomeka bila kupanda ndege. Nianze na la pili maana ni jepesi, zenyewe ziko maktaba ya Bodleian pale Oxford lakini zile za kati yake na mwalimu wake De Morgan zimeskaniwa zote ziko mtandaoni bure kabisa, ila ule mwandiko wa kuunganisha jipange, macho yatauma.

Sasa hilo la kwanza ndo lenye utamu. De Morgan alikuwa profesa London, akamfundisha Ada kwa barua 1840 hadi 1841, yaani kozi nzima ya kalkulasi kwa posta! Shida ni kwamba barua nyingi hazina tarehe kamili, basi kuna moja Ada amekwama kwenye aljebra ya kawaida tu watu wakaipa mwaka 1842, wakasema huyu mwaka mmoja kabla ya zile noti zake maarufu za mashine ya kukokotoa aliyoibuni Babbage (1843) bado anahangaika na vitu vidogo, hamna kitu hapo. Kumbe ni ya 1840, ndo kwanza anaanza!! Tarehe tu hiyo imemchafulia mtu jina miaka na miaka.

Mi nakushauri usome maswali yake, anabishana na mwalimu bila kuogopa.