Nikaze springi ya nyuma hadi mwisho ndio pikipiki ishike kona?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina pikipiki ya sport ya cc 600, niliinunua mtumba, imetembea kilomita 38,000 na shokapu ya nyuma ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Siku za kazi naiendea kazini, na mara moja kwa mwezi naingia nayo traki ya mbio. Nikishavaa koti, buti na helmeti nafika kilo 94. Shida yangu ni kwamba nikivuta mafuta natoka kwenye kona, mkia unakaa chini unayumbayumba na pua inakimbilia nje. Jamaa yangu mmoja akaniambia nikaze springi hadi mwisho na nifunge ribaundi yote, ile skrubu ya kupunguza kasi ya shokapu kurudi juu. Nikafanya, mwanzoni ilikuwa tamu kweli, ila sasa barabarani inanipiga mgongo na kwenye vituta inanirusha kwenye kiti. Sasa nimepata shokapu ya mtumba ya pikipiki ya cc 1000, nasikia ni ngumu zaidi. Niifunge?

JIBU: Usiifunge kaka. Na kabla hujaendelea kusoma nenda kairudishe hiyo ribaundi kwenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, halafu urudi tuongee.

Umerudi? Haya. Swali lako nalipata karibu kila wiki, linabadilika aina ya pikipiki tu, na kila mara kuna "jamaa yangu mmoja" ambaye amesema kaza. Huyu jamaa simjui lakini nimeshachoka kurekebisha kazi zake. Yeye anaamini ukikaza ile ringi ya juu ya springi, springi inakuwa ngumu. Haiwi. Haijawahi kuwa.

Tuchukue springi ya Newton 90 kwa milimita (Newton ni kipimo cha nguvu). Maana yake kila milimita moja unayoibana inakudai Newton 90, basi. Ukiibana milimita 10 wakati wa kuifunga, inakuwa na Newton 900 tayari zimekaa ndani, kwa hiyo mpaka mzigo upite hapo ndio inaanza kusogea, na ikishaanza kila milimita inadai Newton 90. Sasa jamaa yako anaikaza hadi milimita 15. Inaanza kusogea kwenye Newton 1,350, na baada ya hapo kila milimita inadai... Newton 90. Ileile. Umebadilisha sehemu pikipiki inapokaa, ugumu wa springi haujaguswa. Ukitaka springi ngumu unanunua springi ngumu, hakuna spana inayoweza kukutengenezea.

"Lakini fundi mwanzoni ilikuwa tamu." Ndio, na hapo ndipo watu wengi wananaswa. Ulipokaza, mkia ulipanda. Mkia ukipanda uma wa mbele unasimama zaidi, uzito unasogea mbele, pikipiki inaingia kona haraka na ule mkia kukaa chini unapungua kwa sababu umeanzia juu. Ukadhani umepata springi ngumu kumbe umepata pikipiki iliyoinuka nyuma, jambo ambalo shokapu nzuri inakupa kwa kurefusha kijicho cha chini, pale inapofungwa boliti, kwa milimita chache bila kuigusa springi kabisa. Na pale ulipofunga ribaundi, ule mchezo wa kuyumba ukafa kwa sababu shokapu haikuwa tena na ruhusa ya kurudi juu.

Kuhusu kufunga ribaundi nina hasira nayo zaidi. Ribaundi ndiyo inayosema springi irudi kwa kasi gani baada ya kubanwa. Ukiifunga yote, tairi linapanda tuta la kwanza, shokapu inabanwa, kabla haijarudi tuta la pili limefika, inabanwa tena kuanzia pale ilipoachia, tuta la tatu vilevile, mpaka inakuwa imeshuka chini kabisa na haina nafasi iliyobaki. Wewe juu ya kiti unahisi nini? Unahisi ugumu. Unasema springi ni ngumu mno, kumbe ni ribaundi imeishikilia chini kama mtu aliyekanyagiwa kanzu asiinuke. Wengine wakifika hapo wanafungua kompresheni, ile inayozuia shokapu isibanwe haraka, ili ilainike, inazidi kuzama, wanakaza springi tena, na mwezi mzima umeisha hivyo.

Sasa pikipiki yako. Kabla ya kununua chochote tafuta utepe wa kupimia na watu wawili. Inua nyuma mpaka tairi lininginie hewani, pima kutoka ekseli hadi alama moja kwenye bodi iliyo juu yake wima, andika. Ishushe isimame kwa uzito wake yenyewe, pima tena. Halafu panda ukiwa umevaa kila kitu, mmoja akushikilie mbele, miguu yote kwenye pegi, wa pili apime. Tofauti ya kwanza na ya pili ni mshuko wa pikipiki peke yake, tofauti ya kwanza na ya tatu ni mshuko ukiwa juu. Kwa pikipiki kama yako barabarani mshuko wa mpanda natafuta milimita 30 hadi 40, traki 25 hadi 30 na kitu, na ikiwa peke yake ishuke kama 5 hadi 10.

Hapa ndipo wengi wanasoma vitu kinyumenyume kwa hiyo soma taratibu. Ukikaza mpaka ukapata 35 ukiwa juu yake, halafu ukashuka ukakuta pikipiki peke yake haishuki hata milimita moja, springi yako ni LAINI mno. Umelazimika kuikaza sana ili ikubebe wewe, kwa hiyo imejifungia juu kabisa. Jamaa yako angeitikisa kwa mkono, aione imekakamaa, akwambie ni ngumu. Na kinyume chake, ukipata 35 ukiwa juu lakini peke yake inashuka 20, hiyo ndiyo springi ngumu kwa uzito wako.

Kwako wewe kilo 94 sitashangaa ukikuta pikipiki peke yake inashuka sifuri. Springi za kiwandani zinawekwa kwa mtu wa wastani, na mtu wa wastani huyo ni mwembamba kuliko sisi wengi tulivyo baada ya kuvaa buti. Ikiwa sifuri, tairi halina nafasi ya kushuka kwenye kishimo, linaelea, na ukishika breki ya mbele mkia ukiwa mwepesi shokapu inagonga mwisho wa juu na tairi la nyuma linaanza kurukaruka. Huko kurushwa kwenye kiti unakolalamika nusu yake inatoka hapo.

Hiyo ya 1000 sasa. Watu wanaangalia kama matundu ya boliti yanalingana, yakilingana wanafurahi. Kwanza urefu. Kwenye linkeji nyingi, yaani vile vyuma vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma unaoshika tairi, tairi linasogea kama mara mbili ya shokapu, kwa hiyo shokapu ikiwa ndefu kwa milimita 5 tu mkia wako unapanda kama milimita 10, na 10 ni nyingi mno, usukani unakuwa na wenge kwenye mwendo mkali na pembe ya mkono wa nyuma inabadilika pamoja na jinsi cheni inavyovuta. Pili linkeji zenyewe hazifanani. Springi ya Newton 95 kwenye linkeji ya 2 kwa 1 inakupa kama Newton 24 kwa kila milimita pale kwenye tairi, springi hiyohiyo kwenye linkeji ya 1.8 kwa 1 inakupa 29, maana uwiano unaingia kwenye hesabu mara mbili. Kwa hiyo "ngumu" ya pikipiki ile inaweza kuwa laini kwenye yako, au kinyume, na valvu za ndani zilipangwa kwa uzito na linkeji ya pikipiki nyingine kabisa. Ni sawa na kuazima miwani ya mtu kwa sababu fremu imekukaa vizuri.

Kitu ambacho hukuuliza na ndicho ningeanza nacho mimi: kilomita 38,000 na haijawahi kufunguliwa? Mafuta ya humo ndani yameshakufa. Ukiyamwaga yanatoka ya kijivu kama maji ya kuoshea masufuria, yamejaa unga wa chuma, na gesi imeshapungua. Ndio maana raundi za kwanza inakuwa nzuri na ya tano inaanza kucheza, mafuta yakichemka yanakuwa mepesi na ribaundi inapotea wakati wewe ndio umeanza kunoga. Halafu fungua na linkeji, kagua zile bearingi za sindano. Nimeshaona zimekauka zikashika kutu mpaka linkeji haisogei kwa mkono, mwenye pikipiki ameshanunua shokapu mpya ya bei mbaya na anashangaa mbona bado. Grisi ndiyo ilikuwa dawa yake.

Kama shokapu yako ni ya aina inayofunguka, weka springi ya uzito wako, mafuta mapya, sili mpya, na naitrojeni. Kwa mtu wa traki mara moja kwa mwezi hiyo inaweza kukutosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kama haifunguki au rodi imechunika, nunua ambayo unaagiza ukitaja uzito wako, ina ribaundi na kompresheni za kurekebisha, na ina pa kubadilishia urefu. Zile zenye kompresheni mbili, ya kasi na ya polepole, sikukatazi, ila kama hujaweza kuhisi tofauti ya kliki mbili (vile vituo vya skrubu) za ribaundi basi vile virungu vya ziada vitakuwa vya kukupoteza tu. Na kasi inayosemwa pale ni kasi ya rodi ya shokapu wala haihusu mwendo wa pikipiki, unaweza kuwa kwenye 40 ukapiga shimo na hiyo ikawa kasi kubwa.

Springi moja inatosha kwa barabara na traki. Chagua ya uzito wako, ukienda traki kaza kidogo (kama nyuzi za ringi yako ni milimita 1.5 kwa raundi, raundi moja inapandisha mkia kama milimita 3), ongeza kliki mbili za ribaundi na mbili za kompresheni, ukirudi nyumbani unarudisha. Kliki unahesabu kuanzia pale imefungwa, ukifunga kwa upole usivunje sindano ya skrubu iliyo ndani, na unaandika. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na upepo wa tairi upime kabla ya yote hayo, nimeshawahi kuhangaika na shokapu asubuhi nzima kumbe tairi lina upepo wa kuendea sokoni.

Sasa niseme na wengine wanaosoma hapa maana najua mko wengi na jamaa zenu. Kukata springi hakuifanyi laini, kunaifanya ngumu zaidi kwa sababu mizunguko imepungua, na ule upande uliokatwa haukai bapa tena kwa hiyo inasukuma rodi upande na sili inaisha. Kuweka mafuta mazito ili "ishike" kunafunga ribaundi na kompresheni kwa pamoja bila kuchagua, valvu za visahani vya ndani ndizo zinazopangwa, mafuta yanabaki ya uzito uleule. Linkeji za kushushia pikipiki ili miguu ifike chini zinavuruga kila namba niliyotaja hapo juu. Na zile shokapu za bei ya kuchekesha zenye springi ya njano na kichupa cha dhahabu ubavuni, kuna ambazo nimezifungua nikakuta kichupa hakina kitu, hakijaunganishwa hata na mwili wa shokapu, ni pambo. Öhlins wana rangi hiyo, lakini rangi sio valvu.

Lililonitisha kuliko yote ni hili. Aliniletea mtu shokapu imejazwa upepo wa kompresa, ule wa kujazia matairi, fundi wake amemwambia gesi ni gesi. Upepo una unyevu na una oksijeni, ndani nilikuta kutu na mafuta yameshakuwa povu la kahawia. Lakini kutu sio iliyonitisha. Alinisimulia jinsi fundi huyo alivyoifungua: aliibana kwenye vaisi akafungua kifuniko cha chupa bila kutoa gesi kwanza, kifuniko kikapita karibu na sikio lake kikatoboa dari. Ndani mle kuna baa 10 hivi, nyingine zaidi, na tairi lako la nyuma halifiki hata 3. Kwa hiyo kabla hujamwachia mtu shokapu yako muulize mambo mawili tu, gesi anaitolea wapi kabla ya kufungua, na anajazia nini akimaliza. Akikwambia anatoboa kidogo kwa drili, chukua shokapu yako uondoke nayo.

Wewe kaka wa kilo 94, niandikie zile namba tatu ulizopima na namba iliyochapwa kwenye springi yako, kama bado inasomeka. Nikizipata nitakwambia springi ya kuagiza.