Taja jina, uliza jambo

Swali la wiki lilikuwa hili: mliosoma chuo pamoja na sasa mmestaafu, mnafanya nini ili msipotezane?

Sisi tuna mtu mmoja mwenye tabia ya kuuliza. Mengine yote, pamoja na ile sherehe ya kukutana inayopangwa kila mwaka na kuahirishwa kila mwaka, yanakuja baadaye sana.

Kundi la WhatsApp tulikuwa nalo zamani. Lilianza kwa shangwe: picha za kuchakaa zikamiminika, watu wakabishana usiku kucha yule wa safu ya nyuma ni nani. Watafiti wa kumbukumbu wanasema wazee hukumbuka zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, na sisi tulilithibitisha hilo mpaka tukachoka. Visa vya bwenini vina mwisho wake. Vilipokwisha, yakaja maua ya asubuhi, dawa za presha zisizojulikana nani kazitunga, siasa, na katikati ya hayo, tanzia. Ikafika mahali simu ikilia usiku unaogopa kuitazama. Tulikuwa tunasoma wasifu wa marehemu ndipo tunajua kwamba alikuwa na wajukuu mapacha na alikuwa anafuga nyuki. Habari zake nzuri zilitufikia wakati hawezi tena kupongezwa.

Aliyebadilisha mambo ni mwenzetu mmoja aliyekuwa mkutubi. Jumapili jioni huchagua jina moja kwenye orodha ya darasa na kulipigia simu. Hasemi "habari za siku nyingi", kwa sababu jibu lake ni "nzuri tu" na maongezi yameishia hapo. Huuliza jambo: lile goti ulilofanyiwa upasuaji, sasa unapanda ngazi? Binti aliyekuwa anasomea udaktari wa mifugo ameshapata kazi? Kisha huandika aya moja na kumsomea mhusika kabla ya kuituma kwenye kundi.

Hapo pa kumsomea ndipo nilipomvulia kofia. Umri huu habari nyingi ni za mwili na za watoto, na si kila mtu anataka darasa zima lijue kuhusu tezi dume yake au kijana wake aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Mtu husema, "Hilo la kiharusi liache, andika kwamba nafanya mazoezi ya kutembea." Linaachwa, wala hapati simu ya pili ya kumshawishi.

Aya zenyewe ni fupi. Moja ilisema hivi: "Yule wa kitanda cha juu, chumba cha mwisho, ametolewa mtoto wa jicho la kushoto, la kulia bado. Amegundua kuwa mkewe ana mvi. Magazeti anasoma tena, lakini ujumbe mrefu msimtumie." Wiki ile nzima tulizungumzia macho. Watu ambao hawakuwahi kuandika chochote zaidi ya "Amina" walijitokeza kuuliza kama inauma.

Kuhusu wanaokaa kimya, tusiwahukumu haraka. Uzeeni masikio huanza kupoteza sauti nyembamba, kama za s na f, kwa hiyo mtu husikia kwamba unaongea lakini maneno hayashiki, na simu kwake inakuwa kazi ya kubahatisha. Huyo aandikiwe. Mwingine herufi ndizo zinazomshinda, atumiwe ujumbe wa sauti. Mkutubi wetu ameandika kando ya kila jina njia inayomfaa mwenyewe. Wapo pia wanaonyamaza kwa sababu kustaafu hakukuwaendea vizuri. Ile orodha ya michango yenye majina na kiasi cha kila mmoja, naamini, imewafukuza watu wengi kuliko siasa. Kwetu mchango sasa unaenda kwa mweka hazina kimyakimya, na kwenye kundi inatangazwa jumla tu.

Wanaodhani haya ni mambo ya wazee wasio na kazi watazame utafiti ulioanza Harvard mwaka 1938 kwa wanafunzi 268 wa chuo hicho, wakafuatiliwa mpaka uzeeni. Waliokuwa na mahusiano mazuri walipofika miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi walipofika 80, na hilo lilitabiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha lehemu katika damu. Nami huongeza kwa utani kwamba wale watu walikuwa na bahati nyingine: kwa miongo mingi kulikuwa na mtu aliyewatumia maswali kutaka kujua wanaendeleaje.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Namba ya simu isiyotumika kwa muda hupewa mteja mwingine. Tuliwahi kutuma salamu za siku ya kuzaliwa kwa mwenzetu ambaye, kumbe, alikuwa amekwisha kufariki bila sisi kujua. Akajibu kijana mmoja, akashukuru sana, akauliza zawadi iko wapi. Tangu hapo kila jina lina namba ya pili, ya mwenzi au mtoto, na nakala ya orodha inakaa kwa mtu mwingine pia, maana mkutubi naye umri unakwenda.