Daktari Anajibu: Seli nyeupe ni nyingi, mbona mzee haachi kuugua?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Baba yangu ana miaka 68, na mwaka jana aligundulika kuwa na saratani sugu ya damu, ile ya limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe. Daktari wake amesema dawa zisubiri kwanza. Vipimo vya karibuni vinaonyesha limfosaiti 62,000, IgG gramu 3.9 kwa lita na beta-2 mikroglobulini miligramu 4.6 kwa lita. Tangu Januari ameugua nimonia mara mbili na mkanda wa jeshi mara moja. Tunaambiwa seli nyeupe ndizo askari wa mwili. Mwenye askari wengi namna hii anauguaje ovyo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hazidishi limfosaiti 4,000 hivi katika mikrolita moja ya damu, kwa hiyo hesabu ya mzee ni kubwa kweli. Lakini hao askari wamevaa sare tu. Karibu wote ni limfosaiti B zilizozaliwa na seli moja iliyoharibika, na maabara huzitambua kwa alama zilizo juu ya ganda lake: hubeba CD19, ambayo ni yake kihalali, pamoja na CD5, ambayo kwa kawaida ni ya limfosaiti T, kama mtu aliyekutwa na kitambulisho cha jirani.

Kazi ya limfosaiti B zilizo timamu ni kukomaa na kutengeneza kingamwili za kila namna. Hizi za mzee hazikomai, tena huzibana zile nzima, na ndiyo maana IgG, ambayo ndiyo kingamwili iliyo nyingi zaidi katika damu, imeshuka hadi 3.9 wakati kiwango cha kawaida ni kati ya gramu 7 na 16 hivi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo namba nzito kuliko zote katika karatasi yenu, kwa kuwa inaeleza nimonia. Mkanda wa jeshi unaelekeza kwingine: limfosaiti T, ambazo ndizo huzuia virusi kama kile cha mkanda wa jeshi, nazo hudhoofika katika ugonjwa huu. IgG ikiwa chini peke yake haimlazimu mtu kutibiwa, ila ikiandamana na maambukizi makali yanayojirudia, mwulizeni daktari kuhusu kuongezewa kingamwili kwa dripu kila mwezi (ni ghali, nisiwafiche), na kuhusu chanjo ya nimonia na ya mafua. Chanjo zenye virusi hai, kama ile ya homa ya manjano, asichanjwe.

Beta-2 mikroglobulini ni protini ndogo inayobanduka kutoka juu ya seli na kutolewa na figo. Katika kipimo cha kimataifa cha kukadiria mwenendo wa ugonjwa huu, kilichotolewa mwaka 2016, kuzidi 3.5 huhesabiwa kuwa dalili isiyo nzuri, sambamba na umri uliozidi miaka 65, hatua ya ugonjwa na kasoro fulani za vinasaba. Hata hivyo, figo zikichoka namba hiyo hupanda hata kama saratani imetulia, kwa hiyo kabla hamjaingiwa na hofu, tazameni kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Hizo 62,000 zenyewe hazitoshi kuanzisha dawa, na daktari wenu hajakosea kusubiri. Kinachoangaliwa ni mwendo: limfosaiti kuongezeka maradufu chini ya miezi 6, himoglobini kushuka chini ya 10, au wengu na mitoki kuvimba sana. Himoglobini ikianguka ghafla na macho yakawa ya manjano, ombeni kipimo cha Coombs, kwa sababu kwa wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 kinga iliyovurugika hugeuka na kushambulia seli nyekundu za mwenyewe.

Wekeni kipimajoto nyumbani. Homa ikifika nyuzi 38, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na karatasi zake zote mkononi.