Maswali na Majibu: Kwa Nini Mtoto Adumae Penye Mahindi Tele?

Mkoa wetu wa Iringa unalisha mikoa mingine. Inakuwaje watoto wetu wadumae?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima watoto waliodumaa (yaani wafupi kuliko inavyopaswa kwa umri wao), wenye umri chini ya miaka 5, ni takribani asilimia 30, ilhali Iringa ni asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Mahindi hushibisha, lakini mtoto anayeshindia uji mweupe na ugali hukosa protini na madini, huku mayai na maharage ya nyumbani yakiishia sokoni. Lipo pia jambo lisilosemwa vya kutosha, nalo ni muda wa mama. Msimu wa kulima, mama huondoka alfajiri na kumwacha mtoto wa mwaka mmoja mikononi mwa dada yake mdogo, ambaye humnywesha uji uliopoa mara moja au mbili, wakati mtoto wa umri huo anahitaji milo 3 au 4 kwa siku. Kumwita mama huyo kwenye semina ya lishe bila mtu wa kumpokea jembe ni kumdhihaki.

Mimi na mume wangu ni wafupi. Je, mtoto hajafuata ukoo tu?

Urithi upo, lakini usiharakishe kuulaumu. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto waliotunzwa vizuri huko Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, lilikuta wanakua kwa namna inayofanana mno, na viwango vyake vya ukuaji wa watoto vya mwaka 2006 vilitokana na kazi hiyo. Kliniki, omba apimwe urefu pia, si uzito peke yake.

Choo kinahusikaje?

Pasipo choo safi, uchafu humfikia mtoto akahara, na mtoto anayehara mara kwa mara hafaidi hata chakula kizuri, kwa kuwa utumbo wake unashindwa kukifyonza.

Akishiba na asipougua, kucheza naye kuna faida gani?

Kubwa. Mjini Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya waliwatembelea kila wiki, kwa miaka 2, watoto waliodumaa wa miezi 9 hadi 24, wakawafundisha mama zao kucheza na kuzungumza nao kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba watoto hao, walipokuwa watu wazima, walipata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wasiotembelewa. Waliopewa nyongeza ya lishe pekee hawakuonyesha tofauti hiyo.