"Came from" au "comes from"?

SWALI: Niliandika "She came from Brazil" nikimaanisha ni mzaliwa wa Brazili. Nikaambiwa nimekosea. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye wakati. Asili ya mtu aliye hai haipiti, kwa hiyo Kiingereza huitaja kwa wakati uliopo: "She comes from Brazil." Ukiandika "came", msomaji huelewa safari, yaani alitoka huko akafika hapa. Kwa marehemu, au ndani ya masimulizi ya zamani, "came from" ni sahihi kabisa.

Maneno nayo husafiri: "The word 'safari' came into English from Swahili." Hapo wakati uliopita unafaa, maana kuingia huko ni tukio lililokwisha.

Kinachowaponza wengi zaidi ni "was originated from". Tafadhali ondoa "was": "Paper originated in China." Kitenzi hiki hapa hakitendwi, sawa na "kuanza", hatusemi karatasi "ilianzwa". Mahali huchukua "in", mwanzilishi huchukua "with".

Kwa malighafi, kiti "was made of wood", kwani mbao bado inaonekana. Karatasi "was made from wood", kwani mti umeshageuka kitu kingine.