Waya unachoma shavu na barabara imefungwa: dharura za vyuma vya meno kwa njia ya simu

Swali

Daktari, mimi ni daktari wa meno katika hospitali moja ya umma huku Kilifi. Si mtaalamu wa kunyoosha meno. Kaunti yetu ilipofungwa Aprili 2020 kwa sababu ya Korona, watu wenye vyuma mdomoni walikuwa wakinipigia mimi, maana madaktari wao wako Mombasa au Nairobi na njia hakuna. Sasa hospitali inaandika mpango wa kukabili mlipuko mwingine ukitokea, na ukurasa wa meno nimeachiwa mimi. Yapi yanamalizika kwa simu na yapi lazima mgonjwa aje? Picha zinazosomeka nitazipataje? Na je, inafaa nimwambie mgonjwa wa daktari mwingine akate waya?

Jibu

Daktari mwenzangu, ukurasa wako uanze na jambo ambalo mgonjwa hatakuuliza. Atakupigia kwa sababu waya unamchoma shavu, na hilo mtalimaliza kwa dakika chache. Kabla hajakata simu, muulize kuna nini kingine mdomoni. Amevaa raba zinazovuta kutoka taya la juu hadi la chini? Ana kipanuzi cha kaakaa kinachozungushwa kwa ufunguo? Kuna springi yoyote? Mgonjwa hulalamikia kinachouma, na vifaa vinavyoweza kumharibia meno katika miezi mitatu ya kufungiwa mara nyingi haviumi hata kidogo.

Chukua hicho kipanuzi. Kwa vingi, kila zungusho la ufunguo hufungua skrubu kwa karibu milimita 0.25. Mzazi aliyeambiwa azungushe asubuhi na jioni hadi siku ya kurudi kliniki, kisha siku hiyo ikafutwa bila mtu kumpigia, ataendelea tu kuzungusha, maana ndivyo alivyoagizwa. Wiki tatu za utiifu huo ni zaidi ya milimita 10. Kwa simu, jibu ni fupi: aache kuzungusha leo, kifaa kibaki mdomoni kishikilie nafasi iliyopatikana, aseme amezungusha mara ngapi kwa jumla, atume picha. Raba nazo, kama hakuna atakayemwona kwa muda mrefu, azivue. Kusimama kunachelewesha matibabu. Kuvuta bila msimamizi kunaweza kuyapeleka pabaya. Minyororo ya mpira iliyofungwa juu ya breketi, vile vibati vidogo vilivyogundishwa kwenye meno, isikusumbue sana, kwani hupoteza nguvu yenyewe baada ya wiki kadhaa. Waya mwembamba ulionyooka wa nikeli na titani nao hupoa ukisharudia umbo lake. Waya uliopindwa makusudi kinyume na mkunjo wa meno ndio wa kuuliza mapema kwa aliyeuweka, kwa sababu huo unaendelea kufanya kazi.

Kutibu kwa simu wakati wa janga si jambo la kuonea haya. Uingereza, huduma zote za kawaida za meno zilisimamishwa Machi 25, 2020, na kliniki zikaanza kufunguliwa tena Juni 8. Katikati hapo simu ndiyo iliyokuwa mlango wa kwanza, na kazi yake ilikuwa mambo matatu: ushauri, dawa ya maumivu, na antibiotiki panapostahili. Kwa wagonjwa wa vyuma hiyo ya tatu karibu haina kazi. Shavu lililochubuliwa na waya halihitaji amoksilini, linahitaji waya uondolewe njiani. Uandike hivyo waziwazi, kwa sababu aliye zamu usiku, simu ikimlemea, atakimbilia kuandika dawa.

Wanaotoka nyumbani, kuwe na kafyu au kusiwe, ni wachache na hawana mjadala: uvimbe wa uso wenye homa, au mdomo usiofunguka, au kumeza na kupumua kwa shida, damu isiyokoma, ajali iliyong'oa au kusogeza jino. Jino lililosogea likiwa bado limeshikwa na waya, waya huo usiguswe hadi umwone mgonjwa. Breketi iliyomezwa, kama anapumua vizuri, hakohoi wala hana maumivu, kwa kawaida hupita tumboni na kutoka. Akikohoa au kifua kikipiga filimbi, ni hospitali na eksirei mara moja. Kipande kirefu cha waya chenye ncha nacho kipigwe eksirei hata kama mgonjwa yuko sawa.

Tuje kwenye waya wenyewe, maana ndio utakaojaza simu yako.

Waya unaochoma nyuma ya gego la mwisho huwa na sababu mbili, nawe uzitenganishe kabla ya kutoa ushauri. Ya kwanza: waya umeteleza. Hutokea zaidi kwa nyaya nyembamba za mviringo za miezi ya mwanzo. Unatambaa polepole kuelekea upande mmoja, ncha moja inarefuka na ya pili inachomoka kwenye tyubu ya gego, kile kijibomba ambamo ncha ya waya hupita. Kwa hiyo mwambie atazame upande usiouma. Kama kule waya haufiki tena kwenye gego, kukata ncha ndefu ni kosa; utabaki na waya mfupi usiofika popote. Ausukume urudi, kidogo kidogo, kwa kikoleo cha kunyofolea nyusi kilichooshwa, akishika waya kati ya breketi mbili za mbele na kuuvuta kuelekea upande uliochomoka.

Sababu ya pili: waya uko pale pale, meno ndiyo yaliyosogea. Nafasi zimeziba, ncha imebaki nje. Hapa nta inatangulia. Akaushe jino na waya kwa tishu, avingirishe nta iwe donge la ukubwa wa punje ya choroko, aikandamize. Nta haishiki kwenye mate, na ndiyo maana wengi hukwambia "nimejaribu, inatoka". Aliyeishiwa nta anaweza kutumia chingamu isiyo na sukari iliyokwisha kutafunwa, lakini asilale nayo. Kama kinachochoma ni kile kiwaya chembamba kilichosokotwa kuizunguka breketi, kisukumwe chini kwa mgongo wa kijiko cha chai au kwa raba ya penseli iliyooshwa.

Kukata ni hatua ya mwisho. Waya wa mviringo wa inchi 0.014 unakatika kwa kikata kucha kilichosafishwa kwa sabuni na spiriti. Waya wa chuma cha pua wenye pembe, inchi 0.019 kwa 0.025, haukatiki hivyo. Mtu atahangaika mpaka abandue breketi. Usipojua ni upi, uliza ameanza matibabu lini, kisha omba picha ya karibu. Kukata kwenyewe kufanyike kwenye simu ya video, ukitazama: mgonjwa ameketi wima na kichwa kimeinama mbele kidogo, asilale chali; tishu imewekwa nyuma ya waya ipokee kipande; anayekata ni mtu mzima mwingine. Kabla hamjaagana, akuonyeshe kipande hicho kikiwa mkononi.

Breketi iliyobanduka lakini bado imefungwa kwenye waya iachwe, ifunikwe kwa nta ikikera. Iliyo mwisho kabisa na inayotoka yenyewe itolewe, itiwe kwenye bahasha ya kumpelekea daktari wake. Gundi ya supa isikaribie mdomo. Nalitaja kwa sababu watu huijaribu, na asubuhi yake wanakuwa na breketi iliyogeuka juu chini na fizi iliyoungua. Pete ya gego iliyolegea ni kesi ya kuja mapema hata kama haiumi. Chakula kinaingia chini yake na jino linaoza pasipoonekana. Aliyevunja au kupoteza alaina, kile kifuniko cha plastiki cha kunyoosha meno, arudie iliyotangulia ikiwa bado inakaa vizuri, na aliye na riteina, kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, aivae.

Kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo cha uzito wa mtoto, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa vidonda. Huenda ukaulizwa kuhusu ibuprofen. Machi 2020 Olivier Véran, waziri wa afya wa Ufaransa, alitahadharisha watu wenye Korona wasiitumie, na habari hiyo ikazunguka dunia kwa usiku mmoja. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasema halipingi matumizi yake. Tahadhari husafiri haraka kuliko masahihisho, kwa hiyo utaisikia tena.

Sasa picha. Wasikutumie selfi. Kamera ya mbele ni dhaifu, na simu nyingi huionyesha taswira kama kioo, kulia ikawa kushoto. Mtu mwingine apige kwa kamera ya nyuma, mgonjwa akiwa ameketi akitazama dirisha, flashi imewashwa, simu iwe umbali wa kiganja na mpiga picha aguse skrini pale penye jino ili kamera ilenge hapo badala ya midomo. Vijiko viwili vya chai, migongo yake ikivuta mashavu kwa nje, vinafanya kazi ya vivuta shavu vyako vya kliniki. Omba picha nne tu: mbele meno yakiwa yameumana, upande wa kulia, upande wa kushoto, na ya nne ya penye tatizo. Kwa WhatsApp, mwambie azitume kama dokumenti, maana picha ya kawaida hubanwa na waya mwembamba unapotea. Video ya moja kwa moja inakula bando na mara nyingi inaganda, kwa hiyo iachie kazi ya kukata waya na kwa mtoto unayetaka kumwona anavyofungua mdomo. Hata ukiwa na picha nzuri, mwambie aguse kwa kidole shavu la upande unaouma, akwambie ni mkono upi, kisha ahesabu jino la ngapi kutoka katikati. Usimuulize namba ya jino.

Picha hizo ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka kwenye kundi nyeti. Za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Tumia simu ya hospitali, si yako. Andika kwenye faili saa ya simu, aliyetoa idhini na ulichoshauri, uhamishe picha, uzifute kwenye simu.

Mgonjwa akilazimika kuja, asiogopeshwe. Hofu ya 2020 ilikuwa vumbi la mate linalorushwa na mashine ya kasi ya kusagia meno, na kazi nyingi za dharura za vyuma hazihitaji mashine hiyo. Koleo la kukatia waya nyuma ya gego linashika kipande lenyewe. Breketi ikitolewa, gundi iliyobaki juu ya jino iache. Itasagwa mambo yakitulia. Panga aje saa ya mwisho, mmoja mmoja, na asindikizwe na mtu mmoja tu.

Kuhusu mgonjwa wa daktari mwingine: inafaa, baada ya kujaribu kumpata mwenzako na kushindwa, na kwa kiasi cha kuondoa maumivu tu. Kata kilichozidi nyuma ya tyubu ya mwisho. Usikate katikati ya meno mawili, wala usiruhusu kitolewe kifaa usichokitambua kwenye picha. Afadhali nta na subira ya siku mbili. Kisha mwandikie mwenzako siku hiyohiyo, kwa maneno machache: "Juu kulia, waya umekatwa nyuma ya gego la kwanza, kama milimita 3, kipande kimepatikana. Raba zimesimamishwa leo. Hakuna uvimbe wala homa. Picha za kabla na baada zimeambatishwa." Ujumbe huohuo mpe mgonjwa nakala aihifadhi, kwa sababu njia zikifunguliwa huenda akaanzia kwa daktari wa tatu.