Jibu: Utumbo wa mtoto ulijikunja baada ya chanjo, nimshtaki daktari?

Pole sana dada, mtoto apone haraka. Huko Texas usianze na daktari. Marekani ina mfuko wa fidia za chanjo tangu 1988, na dai hufunguliwa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, Washington. Kinachowaponza wengi ni muda: miaka 3 tangu dalili ya kwanza, si tangu upasuaji. Utumbo kujikunja baada ya matone ya rota (chanjo ya kuzuia kuhara kwa watoto) umo kwenye jedwali la mfuko huo, yaani orodha ya madhara wanayoyatambua, ukitokea siku ya 1 hadi ya 21 baada ya dozi ya kwanza au ya pili. Chukua faili lote hospitalini, hata karatasi ya nesi yenye saa alipoanza kutapika. Wakili hulipwa kando na mahakama, hata mkishindwa, alimradi dai lina msingi. Akikuomba asilimia ya fidia ya mtoto, kimbia.